Timu ya hoki imeporomoka ghafla: kagua hivi dalili moja moja mpaka ukifikie chanzo (mfano ni Predators ya 2024-25)

Mi naishi Nashville na Predators, timu ya mji wetu, naipenda kwa moyo wote, na msimu wa 2024-25 uliniumiza kweli. Kwahiyo nimekaa nikaandika hii kwa ajili ya yeyote ambaye timu yake ya hoki ya barafu imeanguka na kila akiuliza shida nini anapewa jibu tofauti. Huyu atasema kocha, yule golikipa, mwingine anakwambia mastaa wamekuja kuchukua hela tu. Wote wanaweza wakawa wameshika kipande cha ukweli ila ukianza kubadilisha vitu kabla hujajua kilichoharibika ni kipi unaongeza tatizo juu ya tatizo, na msimu mmoja mbaya unageuka mitatu.

Kwa asiyefuatilia, hali ilikuwa hivi. Tarehe 1 Julai 2024, siku ambayo NHL (ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada) inafungua soko la wachezaji huru, meneja mkuu Barry Trotz alisaini watu watatu kwa mpigo: Steven Stamkos miaka 4 kwa dola milioni 32, Jonathan Marchessault miaka 5 kwa milioni 27.5, na beki Brady Skjei miaka 7 kwa milioni 49. Piga hesabu ni milioni 108.5 siku moja, na siku hiyohiyo golikipa Juuse Saros akaongezewa mkataba wa miaka 8. Na hawa sio watu wa kubahatisha, Stamkos alikuwa nahodha wa Tampa Bay waliobeba Kombe la Stanley, ndo ubingwa wa NHL, 2020 na 2021, Marchessault ndo alichaguliwa mchezaji bora wa mtoano 2023 Vegas walipochukua kombe lao. Na Nashville yenyewe ilikuwa imetoka kumaliza msimu na pointi 99. Unaelewa sasa kwanini mji mzima ulikuwa unaongelea kombe kabla hata barafu haijagandishwa.

Mechi tano za kwanza wakafungwa zote tano. Kufika Disemba wako mkiani mwa ligi nzima. Mwisho wa msimu wameshinda 30, wamefungwa 44, wamefungwa 8 kwenye muda wa nyongeza, pointi 68, chini yao wamebaki Chicago na San Jose tu. (Kwa mgeni: msimu ule kila timu ilicheza mechi 82, ukishinda unapata 2, ukifungwa ndani ya muda wa nyongeza au penalti unapata 1, ukifungwa kawaida huna kitu.)

Haya tuanze kukagua, na tafadhali usiruke hatua ya kwanza maana ndo watu wengi wanairuka.

HATUA YA KWANZA: HIVI TIMU ILIKUWA NZIMA KWELI MWAKA JANA?

Dalili hapa ni hii, timu imeshuka pointi 31 ndani ya mwaka mmoja na huoni sababu yenye ukubwa huo. Watu wengi ni wale wale, kocha yule yule, na juu yake wameongezwa mastaa. Ukiona anguko limezidi sababu zote unazozijua, geuka nyuma ukague msimu uliopita kwanza, usikimbilie huu wa sasa.

Msimu wa 2023-24 Predators katikati ya Februari walipigwa 9-2 na Dallas, nyumbani, mbele ya watu wao. Timu ilikuwa imepangiwa safari ya kwenda Las Vegas ikatazame shoo ya U2 kule kwenye ukumbi wa Sphere na kocha Andrew Brunette akaifuta safari yenyewe. Baada ya hapo wakacheza mechi 18 bila kutoka mikono mitupu hata mara moja, ushindi 16 na mbili wakafungwa muda wa nyongeza. Stori nzuri sana, watu wanaisimulia mpaka leo, na mi nilikuwa miongoni mwa walioamini kwamba hapo ndo timu ilijipata.

Sasa chukua kalamu. Mechi 18 zile zilileta pointi 34. Toa 34 kwenye 99 unabaki na 65, na mechi zilizobaki ni 64. Yaani nje ya zile wiki sita timu ilikuwa inaokota pointi moja kwa mechi, ambayo ukiitandaza msimu mzima inakupa kama 83, na kwa pointi 83 kwenye kanda ya Magharibi huingii mtoano. Sisemi zile mechi 18 hazikuwa za haki, walizicheza na walizishinda. Nasema meneja akipanga usajili wake kwa kuangalia 99 anaona timu iliyobakiza matofali mawili matatu ya kumalizia, akipanga kwa kuangalia 83 anaona nyumba ambayo msingi wenyewe bado. Na mtoano wenyewe wa mwaka ule Vancouver waliwatoa raundi ya kwanza kwa mechi sita.

Kwahiyo jinsi ya kupima timu yako: tafuta ule mwendo mmoja mzuri kuliko wote wa msimu uliopita, utoe, halafu angalia kilichobaki. Kama kilichobaki kinafanana na msimu huu mbovu basi hamjaanguka kwa kiasi mnachodhani. Kwa Predators hii inaeleza nusu ya anguko, kutoka 99 mpaka 83. Nusu ya pili, kutoka 83 mpaka 68, hiyo ndo imeharibika kweli na ndo tunaitafuta sasa.

DALILI: MAGOLI HAYAPATIKANI HATA NA MASTAA WAPO

Hapa nitakaa sana kwasababu hapa ndo penye ugonjwa.

Namba kwanza. Stamkos msimu wake wa mwisho Tampa alifunga 40, Nashville akafunga 27. Marchessault alitoka Vegas na 42, huku akapata 21. Filip Forsberg ambaye hakuhama kwenda popote alishuka kutoka 48 mpaka 31. Gustav Nyquist alikuwa ametoka kwenye msimu bora wa maisha yake, pointi 75 kwa maana ya magoli na asisti, alipouzwa Minnesota Machi 2025 alikuwa na 21. Timu nzima imepoteza zaidi ya magoli 50 ukilinganisha na mwaka wa nyuma, ikawa inafunga kama 2.6 kwa mechi.

Mtu wa kawaida akiziona hizo anasema wamezeeka, au hawajitumi. Subiri kwanza. Mchezaji mmoja akishuka tafuta shida kwa mchezaji, wakishuka wote kwa pamoja, wa zamani na wapya, basi kinachowalisha wote ndo kimekatika. Ni kama nyumba nzima mabomba hayatoi maji halafu we unabadilisha koki moja moja, utamaliza koki zote dukani.

Sasa nini kinawalisha wafungaji kwenye hoki? Vitu viwili, senta, na beki anayetoa kisahani nyuma. (Naita kisahani kile kidude cheusi cha mpira mgumu wanachokipiga, sioni jina zuri zaidi.)

Senta ndo mtu wa katikati kwenye laini ya washambuliaji watatu. Ndo anaegombea kisahani refa akikidondosha, ndo anashuka kusaidia mabeki kisha anapanda tena, ndo anapita katikati ya uwanja na kisahani huku mawinga wake wawili wanafungua pembeni. Ukiwa na mawinga wazuri bila senta unakuwa na watu wawili wamesimama mahali pazuri wanasubiri mzigo ambao hauji. Na Stamkos kwa umri aliofika ni mtu wa kusubiri mzigo, hilo sio tusi, ndo kazi yake na dunia nzima wachache sana waliwahi kuifanya kama yeye. Anakaa kwenye duara la kushoto, goti moja limekunjwa, fimbo iko juu tayari, na pasi ikija anaipiga hapohapo haisimamishi. Tampa pasi hizo zilikuwa zinatoka kwa Nikita Kucherov ambaye mwaka huo alitoa asisti 100, watu waliowahi kufika hapo kwenye msimu mmoja ni wa kuhesabu kwa vidole. Na karibu nusu ya yale magoli 40 ya Stamkos yalikuwa ya pawaplei, pale wapinzani wana mtu kakaa kwenye kiti cha adhabu.

Nashville ilikuwa na nani katikati? Ryan O'Reilly, mtu mwenye akili na heshima kubwa, ila tayari ana miaka 33 na hakuwahi kuwa na mbio. Nyuma yake Tommy Novak, fundi kweli ila mwili mwepesi kwa laini ya pili ya timu inayotaka kombe, na mwezi Machi akauzwa Pittsburgh. Halafu Colton Sissons, wa kazi ngumu, sio wa magoli. Basi. Milioni 108.5 zimeingia na hakuna hata senta mmoja aliyesajiliwa kuwa senta. Wakafika mahali wanamrudisha Stamkos mwenyewe katikati, kazi ambayo Tampa ilikuwa imeshamtoa, yaani umenunua mpishi kwa ajili ya mchuzi wake halafu unamtuma sokoni.

Nikupe picha niliyoiona kwa macho yangu nikiwa nimekaa juu kabisa section za 300, na kule juu unaona umbo la mchezo vizuri kuliko waliolipia viti vya chini. Beki wetu anachukua kisahani nyuma ya goli letu. Anainua kichwa. Winga wa kulia yuko mbali kashafika mstari wa buluu (ule wa kuingilia eneo la wapinzani), wa kushoto naye vilevile, katikati hapa hakuna mtu, pametanda barafu nyeupe tupu kama mita ishirini hivi. Mpinzani anamkaribia, sekunde moja, mbili, anakosa cha kufanya anakibamiza kwenye ukuta wa pembeni kitoke tu, kinatoka, beki wa wapinzani anakiokota bila presha yoyote na tunaanza kukimbizwa upya. Stamkos kule mbele anageuka taratibu anarudi benchi, zamu yake imekwisha (kwenye hoki wanapokezana kila baada ya sekunde chache), hajakigusa hata mara moja. Nilianza kuhesabu hizo, nikaacha kipindi cha pili maana zilikuwa nyingi na zinachosha roho.

Jinsi ya kupima kwenye timu yako, na hii huhitaji kuwa mtaalamu: dakika ishirini za kipindi kimoja, usiangalie goli, angalia mstari wa buluu wa wapinzani tu. Kila timu yako ikiingia, weka alama. Imeingia na kisahani kikiwa kwenye fimbo ya mtu, au kimetupwa kule mbele wakikimbilie? Ukiona kutupa kunazidi kubeba kwa mbali na timu imejengwa kwa mawinga wakubwa umri sio vijana wa kukimbiza, chanzo umeshakipata. Halafu pima cha pili, linganisha magoli ya pawaplei na ya watano kwa watano, yaani pale timu zote mbili zimekamilika. Pawaplei unapewa nafasi ya kupanga watu ukiwa umetulia, kwahiyo wapiga mashuti wazuri bado watakufungia. Predators pawaplei yao haikuwa mbaya hata kidogo, lakini watano kwa watano walikuwa kwenye kundi la timu zilizofunga kidogo kabisa kwenye ligi. Hapo jibu linajitokeza lenyewe: mikono ya kufunga ipo, njia ya kufikisha mzigo haipo.

DALILI: WAPINZANI WANAWAFUNGA OVYO, MAGOLI YANAINGIA KILA MECHI

Hapa kila mtu anamkimbilia golikipa. Saros msimu ule alisimama golini kwenye vipigo zaidi ya 30 na kelele zilikuwa nyingi. Na ndio, hakuwa yule Saros wa miaka ya nyuma, alikuwa anaokoa kama mashuti 9 kwenye kila 10, ambayo kwa NHL ya sasa ni ya kawaida tu, na mtu wa mkataba mkubwa hategemewi awe wa kawaida. Ila kawaida haizamishi meli. Golikipa wa kawaida nyuma ya timu inayofunga magoli matatu anashinda mechi zake nusu.

Kosa moja linalofanana na hili nilishawahi kulifanya mwenyewe. Nilikuwa nasimama na wenzangu wachache tunaopenda barafu kwenye uwanja mdogo wa mazoezi, tunacheza Jumapili, tukawa tunafungwa kila wiki na tukambadilisha golikipa mara tatu mpaka mzee mmoja aliyecheza zamani akatuambia kaangalieni shuti linapigwa kutoka wapi. Tukaangalia wiki mbili. Yote yalikuwa yanatoka mbele ya goli pale pale, mpigaji yuko peke yake. Hakuna golikipa wa kuokoa hayo. Kwahiyo kabla hujamgusa golikipa, angalia mashuti yanakotoka.

Kwa Predators jibu liko kwa mabeki na wala sio siri. Msimu wa pointi 99, mtu wa kuzima moto alikuwa Ryan McDonagh pamoja na Alexandre Carrier. McDonagh aliomba arudi Tampa, wakamwachia Mei 2024, mwezi mmoja na kitu kabla ya ule usajili mkubwa. Disemba Carrier naye akapelekwa Montreal kwa kubadilishana na Justin Barron. Novemba katikati hapo Dante Fabbro alishawekwa sokoni bure na Columbus wakamchukua. Hao ni mabeki watatu kati ya sita wa mwaka wa nyuma, wote wa kazi za kimya ambazo haziandikwi kwenye takwimu za magoli, wameondoka kabla ya Krismasi. Jeremy Lauzon anayepiga watu mabega akaumia akakosa sehemu kubwa ya msimu. Skjei aliyeletwa ni beki mzuri tu na alicheza karibu mechi zote, ila mtu mmoja hawezi kuziba matundu manne.

Na McDonagh huko Tampa? Alimaliza msimu huo akiwa namba moja ligi nzima kwenye hesabu ya kujumlisha na kutoa, jumlisha 43, yaani akiwa kwenye barafu Tampa waliwazidi wapinzani magoli 43, ya pawaplei hayahesabiwi. Najua hiyo namba inabebwa pia na wenzake wazuri, lakini mi kila nikiiona inaniuma, maana watu walishangilia jina la Stamkos linatoka Tampa kuja kwetu na hakuna aliyelia kwa lile lililokuwa linatoka kwetu kwenda Tampa.

DALILI: NAHODHA YUPO ILA SIO YEYE

Hii niiweke peke yake kwasababu inachanganywa sana na uvivu au uzee na inaweza isiwe hivyo hata kidogo.

Roman Josi ndo injini ya hii timu. 2023-24 alifunga 23 na asisti 62, pointi 85 akiwa beki, mechi zote 82. 2024-25 alicheza mechi 53 akapata pointi 38. Ukimtazama ulikuwa unaona kuna kitu, zile mbio za kutoka na kisahani kwake mpaka mbele zimepungua, anapiga hatua tatu halafu anatoa. Watu wakaanza maneno, miaka 34 hiyo, kaisha. Mwishoni mwa Februari akagongwa kwenye mechi na Florida, akapata mtikisiko wa ubongo na msimu wake ukaishia hapo. Kisha Mei ikatangazwa kwamba amegundulika na ugonjwa unaoitwa POTS, ambapo mtu akisimama moyo unaanza kwenda mbio kupita kiasi, anasikia kizunguzungu na kuchoka. Sasa fikiria mtu wa hali hiyo unamdai dakika 25 za barafu kwa usiku mmoja.

Na kumbuka nilisema wafungaji wanalishwa na vitu viwili, senta na beki anayetoa kisahani nyuma. Huyu ndo alikuwa cha pili. Mwaka wa nyuma ile barafu tupu ya katikati niliyoielezea Josi alikuwa anaivuka mwenyewe kwa miguu yake, kwahiyo upungufu wa senta ulikuwepo siku zote ila hauonekani, alikuwa ameufunika. Alipopungua yeye shimo likabaki wazi. Ndo maana nasema upungufu mwingine unakaa miaka umefichwa na mtu mmoja, na siku akiugua unadhani tatizo limeanza siku hiyo.

Cha kufanya: mchezaji mkubwa akishuka ghafla, tizama mwili kabla ya moyo. Hesabu zamu zake zina sekunde ngapi. Mwenye afya anatoka baada ya sekunde 45 mpaka 50, ukiona anaomba kutoka kwenye 30 mara kwa mara au anasita kuanza mbio, kuna jambo, na pengine hata yeye hajalijua jina lake.

DALILI: UMRI

Ni kweli lakini usiifanye jibu la kila kitu. Stamkos 34, Josi 34, Nyquist 35, Marchessault na O'Reilly 33, hao wote walikuwa wanategemewa kwa wakati mmoja. Mzee mmoja anayezungukwa na vijana wenye mapafu anakufaa sana. Ukiwa nao watano, kwenye ligi ambayo kila mwaka inaongeza mbio, Machi inafika wamechoka wote kwa pamoja. Hapa shida ni mchanganyiko. Watoto kama Fedor Svechkov na Zachary L'Heureux walipopandishwa mechi zilikuwa zinapata uhai kidogo hata kama walikuwa wanakosea, na mi ningependa wangepewa dakika mapema zaidi badala ya kusubiri mambo yaharibike.

DALILI: UWANJA UNATAKA KOCHA AFUKUZWE

Pima haraka: wachezaji wanarudi kukaba au wameacha? Wakiwa pungufu, mwenzao yuko kwenye adhabu, wanajirusha mbele ya mashuti au wanaangalia? Predators walipokuwa pungufu walikaba vizuri tu mpaka mwisho, na hiyo kazi inauma na hailipi, timu iliyomkataa kocha haifanyi hivyo. Brunette ndo aliyefunga goli la kwanza kabisa kwenye historia ya hii klabu mwaka 1998, na Trotz ndo alikuwa kocha siku hiyo, kwahiyo wapo waliosema anabebwa kwa undugu. Mi naona walimbakiza kwa haki. Kocha hakupeleka McDonagh Tampa na hakusaini mawinga akasahau senta. Alichonacho cha kulaumiwa ni ubishi wa kuendelea na mchezo wa mbio na watu wasio na mbio, hapo ndio.

NA ILE MECHI TANO ZA MWANZO JE?

Watu wanasema zile mechi tano ndo ziliua msimu. Mi naona zilionyesha tu kilichokuwepo. Ziliharibu kitu kimoja, wachezaji wapya walianza kila mmoja kutaka kuokoa jahazi peke yake, Stamkos anapiga mashuti kutoka sehemu ambazo Tampa asingepiga. Tarehe 28 Oktoba timu ilienda Tampa, watu elfu kumi na kitu wakasimama kumpigia makofi mtu aliyewafungia magoli 555, usoni unaona kabisa anajizuia, na mechi Tampa wakashinda 3-2 kwenye muda wa nyongeza. Kwa mwezi mzima ule alikuwa anabeba vitu vingi kichwani kuliko kile kisahani. Mpe mchezaji aliyehama baada ya miaka 16 sehemu moja mpaka Januari kabla hujamhukumu.

SASA UNATENGENEZAJE

Ukishajua chanzo ni katikati ya uwanja na nyuma, mpangilio wa matengenezo unajulikana. Usiuze wapiga mashuti kwa bei ya kutupa, mikataba yao hakuna anayeitaka kipindi hicho na mikono yao bado mizima. Leta senta hata wa kawaida mwenye miguu. Leta beki mkubwa wa kazi chafu. Na senta wa kweli, wa kukaa miaka kumi, kwenye soko la wachezaji huru hutampata, timu inayo mmoja haimwachii, kwahiyo lazima utoke naye kwenye drafti, pale timu zinachagua vijana kwa zamu, na faida pekee ya msimu mbovu ni kwamba drafti unachagua mapema.

Juni 2025 Trotz alifanya karibu hivyohivyo. Alimrudisha Erik Haula, senta mwenye miguu, kutoka New Jersey. Akamchukua Nicolas Hague, beki mrefu wa Vegas, kwa kuwatoa Sissons na Lauzon. Na kwenye drafti, bahati nasibu ya kupanga zamu za kuchagua ikawa imewashusha kutoka nafasi ya tatu mpaka ya tano, wakamchagua Brady Martin, kijana wa Sault Ste. Marie Greyhounds anayetoka familia ya wafugaji huko Elmira, Ontario. Usiku jina lake linatajwa hakuwa ukumbini na suti, alikuwa shambani kwao na ndugu zake. Anagonga watu, anarudi kukaba, anapenda kwenda kwenye kona ambako wengine hawataki. Na nafasi anayocheza ni senta.